Kilele cha Saa Kumi na Moja

Bomba la chuma la mita nne halipiti sokoni Bariadi bila kugombana na mtu. Siku ile liligombana na Milembe.

Milembe alikuwa fundi cherehani kutoka Migato, amekuja kununua vitambaa vya sare ya kwaya. Alivaa gauni la kitenge cha njano aliloshona mwenyewe, limemkaa kiunoni, mabega yametuna kidogo, na kichwani kilemba cha rangi hiyo hiyo. Ndiyo kwanza ameweka jora begani, bajaji ikapita imefungiwa bomba juu, ncha ya bomba ikanasa kitambaa, na jora likaanza kujifungua lenyewe katikati ya soko. Watu wakacheka. Milembe akakimbia nyuma ya kitambaa chake.

"Wewe! Wewe na bajaji yako! Simama!"

Akashuka kijana mrefu, shati la bluu lenye nembo mfukoni, buti za kazi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Samahani, dada. Nimeharibu?"

"Unauliza? Angalia! Kwaya ilikuwa inasubiri sare, sasa umewatolea kamba ya kufungia ng'ombe."

"Basi hicho kipande kilichochanika nitakichukua mimi. Nina betri inahitaji koti."

Milembe akamwangalia juu mpaka chini. "Kwenu betri zinavaa koti?"

"Za kwetu ndiyo. Zinakaa nje, jua lao, vumbi lao. Nazipeleka Migato. Unapajua?"

"Ndiko kwetu."

"Wabeja Mungu! Mwenyeji wangu nimempata."

"Mimi si mwenyeji wako, Bwana Bomba. Mimi ni mdai wako."

Jina la Bwana Bomba likamganda. Jina lake halisi lilikuwa Josia, mwana wa Mayala wa Lalago, fundi wa ofisi inayopima mionzi. Kazi aliyokuja kufanya ilikuwa hivi. Zamani, kwenye zahanati ya Migato, kilining'inia kibati kidogo cha kunasa mionzi chini ya paa. Kila baada ya miezi mitatu kibati kilishushwa, kikatiwa kwenye bahasha, kikapanda basi kwenda Arusha kusomwa. Majibu yakirudi, kama yamerudi, msimu mwingine wa pamba umeshaanza. Sasa nchi nzima vibati vilikuwa vinaondolewa. Mahali pake vinasimikwa vifaa vipya juu ya mabomba, vinavyopima hewa mchana na usiku na kutuma namba zenyewe kwa njia ya simu.

Kifaa cha Migato Josia alikiweka kwenye kilima kidogo nyuma ya zahanati, akakizungushia wavu. Alichagua pale kwa sababu moja: Migato nzima, pale ndipo mtandao wa simu unapokaa bila kutoroka.

Kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja akauliza, "Sasa hiyo mionzi ni kitu gani?"

Josia akataka kueleweka haraka. "Guku, ni kama fisi. Humsikii akija. Zamani tulijua fisi amepita asubuhi, mbuzi wameshaliwa. Kifaa hiki kitatuambia fisi akiwa bado mlangoni, tumfukuze."

Watu wakapiga makofi. Milembe naye akapiga, tena kwa nguvu, maana wakati huo alishaanza kumpenda msemaji.

Koti la betri lilihitaji vipimo. Vipimo vikakosewa, au vikakosewa makusudi, sijui. Josia akawa anakuja barazani kwa Milembe mara ya pili, ya tatu, ya sita, kila mara na sababu nyepesi kuliko ya jana. Alipohamia Bariadi kuhudumia vituo vingine, simu ikachukua zamu. Kila jioni saa kumi na moja Milembe alifunga cherehani, akapanda kilimani, akaketi kwenye jiwe, mgongo umeegemea wavu wa kifaa, akapiga.

"Fundi wangu, umeshindaje?"

"Mhola tu. Leo sindano imenishinda. Uzi hauingii tunduni, mkono unatetemeka."

"Unanifikiria mimi."

"Nani akufikirie wewe? Mtu mwenyewe unanuka grisi."

"Mbona unahema?"

"Nimepanda kilima, Bwana Bomba. Na moyo unakimbia tu siku hizi."

"Unakimbilia wapi?"

"Bariadi."

Wakacheka wote wawili. Nani angejua? Moyo kukimbia, usingizi kupotea, mwili kupungua mpaka gauni la njano likamlegea kiunoni; kijiji kizima kilisema Milembe amependa. Yeye mwenyewe alisema hivyo. Ila mapenzi hayamtoi mtu macho, wala hayatunishi shingo. Mama yake, Ng'washi, alimtazama siku moja anakunywa maji, akaona koo lilivyojaa. Kesho yake walipanda basi la Mwanza.

Hospitali kubwa walikuta jina la ugonjwa: tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Dawa ilikuwa kidonge kimoja tu. Daktari alikitoa kwenye chombo kizito cha risasi, akasimama mbali.

"Kidonge hiki kina mionzi," akasema. "Kitaichoma tezi polepole. Wiki mbili lala peke yako. Wiki tatu usishike mtoto wala usikae karibu na mjamzito. Usishike mimba miezi sita, na kabla ya kushika uje tukupime. Umenielewa, mama?"

Milembe alielewa neno moja. Mionzi. Alimeza kidonge akimsikia Josia mkutanoni, anasema fisi, watu wanapiga makofi.

"Nimwambie?" akamuuliza mama yake ndani ya basi, akiwa ameketi kiti cha mwisho peke yake, anaongea kwa sauti ya chini kupita viti viwili vitupu.

"Mwanangu, mahari bado haijazungumzwa. Ukitaja miezi sita, watasikia miaka sita. Ukitaja kuchomwa, watasema umechomwa tumbo. Nyamaza kwanza."

Basi Milembe akamwambia Josia kwamba alikwenda Mwanza kununua zipu na vifungo.

Taabu haikuchelewa. Alirudi Alhamisi, na Jumapili watu wa Lalago, jamaa za Josia, walikuwa wanakuja kumwona. Siku ilishapangwa na mshenga. Kuahirisha ni kukataa, kila mtu anajua. Ng'washi akafagia uwanja, akapanga viti, kimoja akakiweka kando kabisa, karibu na banda la kuku.

Wakaja. Mama yake Josia, Philomena, mwanamke mnene wa kanisani, amevaa kitenge kipya ambacho bado kinanukia duka. Na Salu, dada yake Josia, amebeba kichanga cha miezi miwili. Mzee Mayala alibaki nyumbani na ng'ombe. Josia mwenyewe alivaa suruali iliyopigwa pasi ikasimama kama karatasi, anatabasamu kwa kila mtu.

Milembe akapiga magoti mbali. "Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu. Mbona unatuamkia kutoka Shinyanga? Sogea."

"Nipo hapa, mayu. Pana upepo."

Salu akainuka. Kwetu mgeni anayekuja kutazama mchumba haulizi maswali mengi. Anampa mtoto ambebe, kisha anaangalia: anamshikaje shingo, anamnusa, anacheka naye? Hapo panatosha. Salu akaja mikono mbele, kichanga kimefungwa shuka jeupe.

"Wifi mtarajiwa, mpokee mwenzako."

Milembe akainuka ghafla, kiti kikaanguka. Akarudi nyuma hatua mbili, tatu, mikono ameificha mgongoni.

"Hapana. Tafadhali. Usimlete."

Salu akabaki mikono mbele, kichanga hewani. Kuku wakakimbilia bandani.

"Nina... nina mafua," akasema, na sauti yake haikuwa na mafua hata kidogo.

Philomena akasimama. Akafunga kitenge chake upya, taratibu, bila haraka, kama mtu anayefunga mzigo. "Josia, mwanangu, nimeona. Salu, twende."

Josia alibaki nyuma dakika moja. "Milembe, ni nini?"

"Nitakueleza."

"Eleza sasa. Mama yangu yupo getini."

Milembe akainama, akakiinua kiti kilichoanguka. Josia akangoja, akatikisa kichwa, akaondoka na suruali yake iliyopigwa pasi.

Usiku ule aliandika ujumbe mmoja: *Mama anasema hajawahi kuona mwanamke anayekimbia kichanga kama anakimbia moto. Sina la kumjibu.*

Jumatatu saa kumi na moja Milembe akapanda kilimani, akapiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akaketi pale jiweni dakika ishirini, mgongo kwenye wavu, macho kwenye kioo cha simu. Jumanne vivyo hivyo, Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi Josia alipokea.

"Unasemaje?"

"Nilitaka kusikia sauti yako tu."

"Umeisikia. Nina kazi, Milembe. Kituo chenu kinanisumbua."

Ikakatika. Hakujua kwamba wakati ule ule, nyuma ya kisogo chake, kifaa kilikuwa kinaandika.

Namba zilifika Arusha. Wakubwa wakashtuka, maana aina ya mionzi iliyoonekana ilikuwa iodini, ndugu wa yale madini joto ya kwenye chumvi, ila yenye moto. Ikionekana hewani pasipo sababu, watu wa kazi hiyo hawalali. Simu ikapigwa kwa mwenyekiti wa kijiji, Mboje: kuna mzigo wowote wa ajabu umepita? Gari limeanguka? Mboje alikuwa mtu mwema asiyeweza kuweka siri hata ya ndoa yake. Kufika jioni Migato yote ilishajua fisi ameingia. Siku ya kupima watoto uzito ikafika, na Apolonia, muuguzi wa zahanati, akakaa na mzani wake mtupu mpaka mchana. Mama hata mmoja hakuja. Vijana wakaanza kunoa sururu wakang'oe bomba.

Milembe alisikia yote akiwa barazani, mguu kwenye cherehani. Hakuunganisha. Alijua tu kwamba Josia yuko taabuni na yeye hawezi kumsaidia.

Siku ya kumi na moja tangu ameze kidonge, simu ikaita yenyewe. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kilimani.

"Milembe, usikate. Nijibu moja tu. Jana saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi?"

"Umekuwa mwenyekiti siku hizi?"

"Nakuomba."

"Hapa. Kilimani. Nakupigia wewe usiyepokea."

Akamsikia anavuta pumzi.

"Nina karatasi mbele yangu. Kipimo cha Migato kimelala mchana kutwa kama maji ya mtungini. Ikifika saa kumi na moja kinapanda kilele, kinakaa dakika ishirini, kinashuka. Kila siku. Nikasema kifaa kibovu, wakubwa wakasema mimi ndiye nimekifunga vibaya. Leo nimefungua simu nimtafute fundi mwenzangu, nikakutana na simu zako. Jumatatu, saa kumi na moja na dakika tano. Jumanne, na dakika saba. Nimeiweka simu juu ya karatasi, Milembe. Zinalingana. Kila kilele ni wewe."

Milembe akageuka taratibu, akakitazama kile kichwa cheupe juu ya bomba, hatua mbili kutoka begani kwake.

"Na kila siku kilele kinapungua," Josia akaendelea, sauti imeshuka. "Iodini inayopungua hivyo si ya ajali, ni ya hospitali. Hukwenda Mwanza kununua vifungo. Unaumwa nini, mpenzi?"

Ni neno mpenzi lililomvunja. "Tezi," akasema, akalia. Akaeleza yote: moyo, mikono, kidonge, wiki tatu, miezi sita, kichanga.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi, katika watu wote! Ndiyo kazi yangu, ningekuelewa kuliko mtu yeyote."

"Wewe, katika watu wote, ndiye uliyesema afukuzwe."

"Nani?"

"Fisi. Ulisema mkutanoni. Nami nimemmeza."

Upepo ulipita kwenye wavu.

"Nilitaka wazee wanielewe upesi," Josia akasema mwishowe. "Sikujua nakusema wewe. Nisamehe."

"Na mimi nilikudanganya. Sasa itakuwaje?"

"Ofisini nitaandika: mgonjwa aliyetoka matibabuni. Jina sitaweka, wala halitakiwi. Shida ni kijiji. Kesho Mboje ameitisha mkutano. Naweza kuwaambia kifaa kilikosea, wakaenda kulala."

"Na siku kikisema kweli?"

Akamsikia anaikunja ile karatasi.

"Umeona," Milembe akasema. "Hawatakiamini tena. Wala wewe."

"Bora wasiniamini mimi kuliko wakunyooshee wewe kidole."

Usiku ule Milembe hakulala vizuri, lakini si kwa moyo kukimbia.

Kesho yake watu walijaa mbele ya zahanati, vijana na sururu zao. Josia alikuja na pikipiki, shati lile la bluu, macho mekundu. Akasema kifaa kiko sawa, hewa iko salama, kilichoonekana ni mgonjwa aliyepewa dawa yenye mionzi na anaendelea kupona.

"Ni nani?" Mboje akauliza.

"Siwezi kusema, mwenyekiti. Siri ya mgonjwa."

"Basi ni uongo!" kijana mmoja akapaza sauti. "Ng'oeni!"

Sururu zikainuka. Ng'washi alihisi khanga ya binti yake inateleza mkononi mwake. Alikuwa ameishika tangu mwanzo, alijua atataka kusema.

"Ni mimi," Milembe akasema.

Alikwenda kusimama peke yake upande wa ukuta, amevaa gauni la njano lililomlegea. Akasema kwa lugha ya nyumbani, Kisukuma kitupu, ili bibi yeyote asiseme hakusikia. Akataja tezi, akataja kidonge. Akasema hata lile la miezi sita. Kisha akamgeukia Josia.

"Una kile kipimo cha mkononi?"

"Milembe, si lazima."

"Pima. Waone."

Josia akatoa kidude chake, akasimama hatua moja mbele yake. Kikalia tik-tik-tik. Wanawake wakashika vifua. Akarudi nyuma hatua tano. Kikalia mara moja moja kama mtu anayesinzia. Kumi na tano. Kikanyamaza karibu kabisa.

"Ndiyo hivyo," Milembe akasema. "Ndiyo maana nakaa mbali. Bado siku tisa. Watoto wapelekeni wakapimwe uzito, mimi sitakuwepo."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea mbali zaidi. Milembe alimwona, hakumlaumu. Mwingine akasema chinichini, "Tumbo limekwisha hilo," si chini vya kutosha. Apolonia akamkata jicho, akatangaza mzani utakuwa wazi saa mbili asubuhi. Sururu zikashushwa moja moja. Hakuna aliyepiga makofi.

Watu walipotawanyika Josia akamfuata mpaka mlangoni kwao, akasimama pale alipomwonyesha asimame.

"Nataka nikuoe. Hata mwezi huu."

"Mama yako anajua?"

"Nimemweleza kwa simu."

"Akasemaje?"

Josia akatazama buti zake. "Akauliza, na wajukuu?"

"Basi sitaingia nyumba yenye swali hilo kwa kujificha nyuma yako, Josia. Nilishajificha mara moja, umeona. Lete mkubwa wa kwenu aje asikie ugonjwa kwa mdomo wangu, kabla hajasikia kitu kingine. Asipokuja, na wewe usije."

"Milembe..."

"Nakupenda. Nenda."

Wiki tatu zikapita bila simu. Tetemeko la mikono likaanza kupungua. Uzi ukaingia tunduni mara ya kwanza tangu masika. Hiyo nayo ilimuuma, maana hakuwa na wa kumwambia.

Jumapili moja mchana pikipiki ikasimama getini. Josia alikuwa anaendesha. Nyuma yake alishuka mzee mwembamba, koti la zamani, kofia ya pama, fimbo. Mzee Mayala. Philomena hakuwepo.

Waliketi uwanjani, Ng'washi kwenye mkeka, Milembe kitini. Zile wiki za kukaa mbali zilikwisha, ila alijikuta bado anaweka nafasi. Mzee alisikiliza kila kitu bila kumkatiza. Kisha akauliza maswali ya mtu wa mifugo, ya moja kwa moja.

"Utapona?"

"Wanasema tezi itapona, baba, ila huenda nikanywa vidonge maisha yangu yote."

"Watoto?"

"Wanasema inawezekana baada ya kupimwa. Mimi sikuahidi, baba. Ahadi hiyo si yangu."

Mzee akachora mstari ardhini kwa fimbo. "Mama yake Josia hajakubali. Sitakudanganya. Anaweza kukubali mwakani, anaweza kwenda nalo kaburini. Utaweza kuishi hivyo?"

Josia akafungua mdomo. Baba yake akainua mkono. "Sikukuuliza wewe."

Milembe alifikiri. Alifikiri kweli, mpaka mama yake akaanza kujikunja mkekani. Aliona sikukuu zitakazokuja, kitenge cha Philomena kinampita bila salamu, na minong'ono kila mwezi.

"Nitaweza, baba," akasema. "Kama mwanao hataniacha niishi hivyo peke yangu."

Mzee Mayala akageuka, akamtazama kijana wake muda mrefu.

"Haya. Sasa nakuuliza wewe."

Josia hakutazama chini. "Hatakuwa peke yake, baba. Hata mbele ya mama."

"Hata mbele ya mama ndipo pagumu."

"Najua."

Mzee akalaza fimbo chini kando ya kiti, akavua kofia, akamgeukia Ng'washi.

"Mayu," akasema, "tumetoka mbali. Tuletee maji ya kunawa; mahari haizungumzwi na njaa."